“Tuma na ya Kutolea”: Tozo ya 2021 Iliwekwa Mahali Pabaya

Tozo ya miamala ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, na hakuna uamuzi uliomuumiza mfanyabiashara mdogo wa mtandaoni Tanzania kama ule. Wasomaji wanakumbuka viwango: kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi, juu ya makato ya kawaida ya kampuni ya simu. Kelele za wakati ule zilihusu ukubwa wake, na ukubwa ukaja kupunguzwa. Kosa lenyewe lilikuwa mahali tozo ilipowekwa, na hilo halijaondoka lote mpaka leo.

Ili kuliona vizuri, inafaa kwenda Ziba, wilayani Igunga. Asali ya miombo ya Tabora ina wateja nchi nzima, na kuiuza mtandaoni siku hizi hakuhitaji tovuti wala duka. Picha ya dumu la lita 5 inapandishwa Instagram, mteja wa Kimara anaingia WhatsApp kuuliza bei. Muuzaji anamtajia bei, anampa namba ya simu na jina litakalotokea, kisha anamalizia kwa maneno ambayo kila Mtanzania aliyewahi kununua kitu kwa simu anayajua: “Tuma na ya kutolea.” Ujumbe wa pesa ukiingia, mfuniko wa dumu unazungushiwa selotepu, jina na namba ya mteja vinaandikwa ubavuni kwa maka peni, dumu linapandishwa basi la Dar es Salaam na konda anapewa chake. Mteja analifuata stendi ya Magufuli, Mbezi. Mfumo wote wa malipo wa biashara hii ni huo.

Sasa tazama pesa inavyotembea. Inaguswa mara mbili. Kwanza mteja anatuma. Pili muuzaji anatoa kwa wakala, kwa sababu mrina asali anayemletea mzigo anataka noti mkononi, na muuza madumu matupu vilevile. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa zililenga hatua hizo hizo mbili: kutuma na kutoa. Dumu moja la asali, mauzo ya mara moja, tozo mbili. Na maneno “na ya kutolea”, ambayo awali yalikuwa adabu ya kubebeana gharama, yakageuka kuwa ongezeko la bei ambalo mteja alilihesabu kabla ya kukubali kununua.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo wataalamu wa Wizara ya Fedha walipaswa kuliona kabla muswada haujafika bungeni. Huduma za pesa kwa simu zilikuwa zinatozwa kodi tayari: ada ya kampuni ilibeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18. Kodi hizo, hata zikiwa nzito, zinakata ada, yaani bei ya huduma iliyouzwa. Tozo ya 2021 ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilipimwa kwa kiasi kinachopita, na kwa muuzaji wa asali kiasi kinachopita si faida. Katika bei ya dumu kuna pesa ya mrina, ya chombo, ya basi, na mwisho kabisa kijisehemu kinachobaki kwake. Serikali ilikata mtaji ungali njiani.

Isitoshe, biashara ndogo huingiza pesa kwa vipande. Mwenye ghala la vipuri Kariakoo hupokea malipo ya wiki nzima kwa hundi au kwa hamisho moja la benki, na mwaka ule wa kwanza benki hazikuwamo kabisa kwenye tozo. Muuzaji wa Ziba hupokea malipo ya madumu mawili leo, ya moja kesho, ya chupa tatu keshokutwa, kila malipo kwa muamala wake. Tozo ya kila muamala humlemea zaidi anayeuza kidogo kidogo, na anayeuza kidogo kidogo ndiye mdogo. Hili halikuhitaji utafiti. Lilihitaji mtu mmoja akae na muuzaji mmoja kwa siku moja, ahesabu.

Tena mfano ulikuwa jirani. Uganda ilianza kutoza asilimia 1 ya miamala ya simu Julai 2018. Watu wakarudi kwenye noti, mawakala wakalia, na kabla mwaka haujaisha Bunge la Kampala lilishusha kiwango hadi asilimia 0.5 na kukibakiza kwenye kutoa tu. Dodoma ilikuwa na miaka mitatu ya kujifunza.

Yaliyofuata yanajulikana. Miamala ya kutumiana ilishuka kwa zaidi ya theluthi katika miezi michache, kwa mujibu wa GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani. Rais Samia akaagiza tozo itazamwe upya, na Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini hapo hapo benki nazo zikaingizwa, kelele zikaanza upya, na kufikia Oktoba Serikali ilikuwa imerudi nyuma tena. Bajeti ya Juni 2023 ikafuta tozo ya kutuma. Ya kutoa ikaachwa.

Fedha zilizokusanywa zilijenga vituo vya afya na madarasa, na haja ya majengo hayo ilikuwa ya kweli.

Lakini kubakiza nusu ya kutoa ni kubakiza nusu inayomuuma muuzaji. Anayetuma ni mteja, na mteja anaweza kuahirisha. Muuzaji hawezi kuahirisha kutoa, maana mrina asali hapokei picha ya salio. Kila punguzo lililofanywa lilijibu swali la shilingi ngapi. Hakuna hata moja lililouliza swali la nani anayeumia.

Haikuwa hivi zamani. Profesa Benno Ndulu alipokuwa Gavana wa Benki Kuu, kuanzia 2008 hadi 2018, njia ilikuwa kuacha huduma itembee, kuiangalia kwa karibu, kisha kuiandikia sheria. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini 2008 kwa barua ya Benki Kuu isiyo na pingamizi, wakati sheria yenyewe ya mifumo ya malipo ilipitishwa 2015. Katikati ya miaka hiyo Tanzania ilifanya mambo ambayo nchi tajiri zilikuja kuyatazama. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Mwaka huo huo wa 2014 Tigo Pesa ilianza kugawia wateja faida iliyopatikana kwenye akaunti ya dhamana inayotunza pesa zao, kwa mara ya kwanza duniani kwa huduma ya aina hiyo. Profesa Ndulu alifariki Februari 2021. Miezi michache baadaye, sheria iliyozaliwa wakati wake ikaongezwa kifungu cha 46A, na tozo ikapitia humo. Si kwamba ujenzi ulisimama: TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha benki na mitandao ya simu, ni kazi nzuri ya miaka ya karibuni.

Nje nako wengine walikuwa wameshusha gharama mwaka mmoja tu kabla ya tozo. Kenya ilifuta ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 za huko kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka, kwa sababu ya korona. India iliondoa ada ya mfanyabiashara kwenye malipo ya UPI, mfumo wake wa malipo ya simu, Januari 2020. Brazil ilizindua Pix, mfumo wake wa malipo ya papo hapo, Novemba 2020, bure kwa mtu binafsi.

Ukanda wa Tabora wenyewe una historia ya ushuru wa njiani. Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, iliyobeba nguo na shanga kwenda bara na kurudi na pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, na ugomvi wa njia na ushuru ulikuwa sehemu ya vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871. Hata hivyo hongo ilijadiliwa na mwenye msafara, kwa doti za nguo, na ukubwa wa msafara ulizingatiwa. Mwenye mali nyingi ndiye aliyekaa chini na mtemi.

Kuna kosa jingine la zamani, na hili si la Serikali. Kampuni za simu zimeuza kwa shangwe kadi za mtandaoni za Visa na Mastercard zilizofungwa kwenye akaunti ya simu. Ni nzuri kwa kununua. Kwa kuuza, hazina kazi: Mtanzania anaweza kulipia filamu za Marekani kwa salio la simu, lakini mpwa wake aliyeko Muscat hawezi kumlipa asali kwa kadi kupitia mlango huo huo. PayPal humruhusu Mtanzania kutuma na si kupokea, ilhali Mkenya hupokea na kuhamishia M-Pesa. Stripe, kampuni ya kupokelea malipo ya kadi mtandaoni, haimsajili kabisa mfanyabiashara wa Tanzania. Njia inayobaki ni kampuni za kati au benki, zenye masharti ya leseni, TIN na akaunti ya biashara, ambayo muuzaji wa madumu matatu kwa wiki hawezi kuyabeba.

Hata mlango ungefunguka, viwango vya kadi havikutengenezwa kwa ajili yake. Kiwango cha kawaida cha Stripe Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30. Kwa mauzo ya dola 100 makato ni dola 3.20. Kwa kichupa cha asali cha dola 5 ni karibu senti 45, sawa na asilimia 9 ya bei. Zile senti 30 zisizobadilika ndizo zinazommaliza mdogo. Jim McKelvey na Jack Dorsey walilijua hilo walipoanzisha Square 2009, baada ya McKelvey kupoteza mauzo ya kazi yake ya kioo kwa kuwa hakuweza kupokea kadi: kwa miaka mingi walitoza asilimia 2.75 tu kwa kadi iliyochanjwa, bila senti za kudumu wala ada ya mwezi.

Kitu kama hicho kinawezekana hapa. Lipa namba, ile namba ya kulipia dukani kwa simu, ipo, TIPS ipo, na Visa wamekwisha kukaa meza moja na kampuni za simu. Kinachotakiwa ni lipa namba ipokee kadi ya nje kwa asilimia isiyo na kiasi cha kudumu, kwa yeyote mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na kikomo cha mwezi kiwekwe ili kuzuia wahalifu. Kwa upande wa Serikali, Bunge la bajeti likikaa lianze na tozo ya kutoa: liifute kwa kiasi kidogo ambacho muuzaji wa dumu moja hutoa kwa wakala, na kama Hazina inahitaji pengo lizibwe, lizibwe kwenye mahamisho makubwa.