Jina na Mji: Kanga kama Maandishi ya Mwanamke

Makala na vitabu vinavyokusanya majina ya kanga si haba, na takriban vyote hufuata njia moja: misemo hupangwa mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na maelezo yake mafupi, kama kwamba ni kamusi ya methali. Upande wa pili wako wapenzi wa nakshi, ambao huzipiga picha nguo hizo na kuyasifu maua, korosho na rangi zake, lakini maneno hawayasomi. Huyu kashika jina, yule kashika mji, na kanga yenyewe, ambayo ni maneno na sura na mwili wa aliyeivaa kwa pamoja, imebaki bila mhakiki. Ni ajabu katika pwani ambayo shairi lenye mzani mmoja uliopungua hujadiliwa barazani hadi usiku.

Jambo hili si dogo. Kabla ya wanawake wengi wa pwani kufunzwa kuandika, na kabla ya mchapishaji yeyote kuwatafuta, kanga ndiyo iliyokuwa ukurasa wao. Tarehe yake yafaa ikumbukwe kwa ufupi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa miji ya pwani walinunua leso zilizochapwa, wakazikata sita sita na kuziunga tatu kwa tatu, ikapatikana nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa wakivaa kaniki, nguo ile nyeusi ya kazi, waliiacha na kuvaa kanga. Laura Fair ameyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha za Kilatini. Ubunifu huo hunasibishwa na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye duka lililofunguliwa mwaka 1887, ambaye nguo zake zilitambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Basi mwanamke aliyeitupa kaniki hakupata rangi tu. Alipata na kauli.

Hapa huzuka pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Maneno hayo, husemwa, si ya mwanamke. Yametungwa na mwenye duka, au karani wake, au yameokotwa katika nyimbo za taarabu na methali za kale. Mji umechorwa na mchoraji asiyejulikana. Nguo imechapwa Uholanzi, Uingereza, Japani, Uhindi, na baadaye China, au katika viwanda vya nyumbani kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Mwanamke amenunua tu. Vipi basi aitwe mwandishi?

Anaitwa mwandishi kwa sababu jina la kanga halijakamilika likiwa dukani. Doti ikiwa imekunjwa rafuni ni maneno yasiyo na msemaji wala msemwa. Chukua jina linalojulikana na kila mtu, Nani kama mama. Binti akimpelekea mzazi wake doti hiyo, ni shukrani. Akijifunga mama mwenyewe siku ya harusi ya mwanawe, ni furaha, na pengine ni ukumbusho. Akija nayo mama mkwe asubuhi moja, bila ya sherehe yoyote, akapita ukumbini mbele ya mke wa mwanawe, hilo si shukrani tena. Herufi ni zile zile, wino ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioichagua, siku na njia iliyopitiwa. Aliyechagua hivyo ametunga, kama anavyotunga mwenye kuitia methali mahali pake.

Kutokana na hayo hupatikana kipimo cha kwanza cha uhakiki: jina jema ni lile linalomwachia mvaaji nafasi. Hasidi hana sababu halikumtaja hasidi. Mdhaniaye ndiye siye halisemi nani kadhani, wala kadhani nini. Aliyeguswa hujitaja mwenyewe, na aliyevaa anaweza kusema, kwa uso mkavu, kwamba alipenda maua. Kinga hiyo ni sehemu ya sanaa yenyewe. Jina linalofunga milango yote, likamtaja mke mwenza au jirani waziwazi pamoja na kosa lake, huenda likanunuliwa sana kwa wiki mbili, lakini mvaaji hana la kuongeza. Ameazima ugomvi ulioandikwa tayari.

Kipimo cha pili ni cha sikio, na hapa ndipo orodha zilipokosea zaidi, kwani hufafanua maana na kuacha sauti. Hebu zihesabiwe mizani. Hasidi hana sababu ni mizani 8 kamili, yaani ni kipande cha shairi ambacho malenga yeyote angeweza kukipachika mahali pake bila kugusa herufi. Usisafirie nyota ya mwenzio ni mizani 12, na huvunjika katikati, 6 kwa 6, kipimo ambacho sikio la mpenzi wa taarabu hukitambua kabla ya kujua limekitambuaje. Akufukuzae hakwambii toka nalo ni 6 kwa 6, na pumziko limeangukia pale pale inapotakiwa roho ishushwe: kwanza tendo la kufukuza, kisha kimya kidogo, kisha neno ambalo halikusemwa. Wako wanaolisahihisha jina hili kwa kuandika "akufukuzaye". Tahajia hiyo ni ya shule na haina kosa, wala haibadili hesabu ya mizani. Lakini "akufukuzae" ndivyo linavyotamkwa, na kanga huandika kinachosikika mtaani. Mwenye kutaka sarufi anayo madaftari.

Sikio halidai usawa kila mara. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake ni jina refu kuliko yafaavyo nguo, na hata hivyo limeishi. Upande wa kwanza una mizani 11, wa pili 12. Mshairi mkali angesema umelemaa. Lakini mzani ule uliozidi umetokea wapi? Umetokea pale "meno" yalipogeuka "maneno", silabi moja ikaingia katikati, na neno likawa refu kuliko jino. Simba ana meno, mtu ana maneno, na huyu wa pili ndiye aliyedharauliwa. Haielekei kwamba mtungaji alikaa akapanga hivyo kwa makusudi. Mdomo uliozoea kuchezea lugha ulifika wenyewe. Japo sipati tamaa sikati halitoshei bahari yoyote iliyozoeleka, 5 kwa 6, lakini kina cha "ti" kimelifunga kama kifungo, na upungufu wa upande wa kwanza wafanana na jambo lenyewe linalosemwa, la mtu aliyekosa.

Mfasiri anayejaribu kuyapeleka majina haya katika lugha nyingine hugundua upesi kwamba maana huvuka na kipimo hubaki ufukweni. Wema hauozi, mizani 6, likifasiriwa huwa wazo la kawaida kuhusu matendo mema. Kilichopotea ni "-oza", kitenzi cha samaki na embe, neno la jikoni lililokaa pamoja na wema bila kuona haya.

Sasa sura. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina sehemu ya chini ya mji, mara nyingi ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa zisizo na nukta wala mkato. Mpangilio huu husifiwa kuwa mzuri machoni, na ni mzuri, lakini sababu yake ya ndani huonekana nguo ikivaliwa. Kipande kimoja cha doti hufungwa kiunoni, cha pili hutupwa mabegani au kichwani. Jina la cha kwanza huangukia nyuma, chini ya kiuno. La cha pili huangukia mgongoni. Ni maandishi yasomwayo mwandishi akiwa amekwisha kupita. Anayesoma ni yule aliyeachwa nyuma, na hana wa kumjibu ila mgongo. Hakuna kitabu wala gazeti lililowahi kupata mpangilio wenye nguvu kama huo.

Ndiyo maana urefu wa jina si suala la ladha tu. Maneno matatu au manne hukaa mgongoni yakasomeka kwa mtazamo mmoja. Yakiwa manane au tisa, huzunguka nyonga, na msomaji hupata nusu ya kauli. Huenda akasoma "siogopi mtu" akakosa simba na meno yake. Na ndiyo maana herufi ziwe nene, zenye rangi iliyo mbali na rangi ya mji. Hapo kanga nyingi za miaka ya karibuni hazistahili sifa. Herufi zimekonda, zimesogezwa hadi karibu kuligusa pindo, njano juu ya chungwa, kama kwamba maneno ni alama ya kiwanda iliyotiwa kwa sababu ya desturi. Mchoraji ameujaza mji kwa nakshi za kitenge hadi jina halina pa kupumua. Makosa ya chapa nayo, herufi iliyoruka au maneno mawili yaliyogandana, hutoka kwa mchapaji ambaye lugha si yake, na aliyeagiza hakujali kuyasoma kabla ya kulipa.

Uhusiano wa jina na mji ni jambo gumu zaidi, na pasiwe na haraka ya kulaumu. Nanasi lililoiva juu ya maneno machungu si lazima liwe kosa; mara nyingine ndilo kejeli yenyewe, utamu uliowekwa mbele ya anayechomwa. Kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe wake, kimeheshimika harusini bila ya kuhitaji picha ya kitu chochote, kwani mpangilio wa rangi tatu unatosha kusema ni siku gani. Kosa lipo pale ambapo picha imekuja kueleza jina, mfano ikichorwa nyota kubwa kwa sababu neno "nyota" limetajwa. Picha inayorudia maneno humpokonya mvaaji ile nafasi iliyosifiwa hapo juu, naye msomaji hubaki hana la kukisia.

Na iko kanga isiyomwachia mvaaji hata chembe: ile ya kampeni. Vyama vya siasa huigawa wakati wa uchaguzi, mashirika hutia humo mawaidha ya afya, na Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008 zilitoka zenye sura yake katikati ya mji. Hii ya Obama angalau ilinunuliwa kwa furaha. Nyingine hugawiwa bure, na bei yake ni kwamba mwanamke hugeuzwa ubao wa matangazo, anatembea na kauli ambayo hakuichagua na ambayo haina namna ya pili ya kusomwa. Mtaa hata hivyo una uhakiki wake: sura ya mgombea ikitiwa mjini na nguo ikafungwa kiunoni, mheshimiwa huangukia mahali pa kukalia, na hilo halihitaji jina.

Ughaibuni, aliyeilewa kanga kuliko wengi ni Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza, na kupata tuzo ya Turner mwaka 2017. Katika maonyesho yake Our Kisses Are Petals, yaliyofanyika Gateshead mwaka 2018, alitundika nguo mithili ya bendera, zenye pindo, sura katikati na maneno chini. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba maneno yamerudishiwa cheo chake. Mtu haoni rangi kabla ya kusoma, wala hasomi kabla ya kuona rangi. Upungufu wake, ikiwa neno hilo lafaa, ni ule wa makumbusho yote yanayohifadhi kanga, British Museum ya London ikiwamo: nguo imenyooshwa, na msomaji kasimama mbele yake kwa mapana, akiwa na muda wote autakao. Haikunjiki, haipiti, wala haimpi mtu mgongo.

Tofauti moja kati ya Himid na mchoraji wa kanga ya dukani yastahili kutajwa na wenye maduka. Kazi ya yule ina sahihi. Ya huyu, ukiikagua nguo pindoni kabla ya kuikata na kuipinda, utakuta alama ya mwenye mali, pengine na namba ya mtindo. Aliyechora mji hakuandikwa, wala aliyelileta jina.