"Daktari arudi kijijini": Kiima cha hadithi hii ni nani?

Kuna sentensi ambayo waandishi wetu hawachoki kuiandika: Daktari arudi kijijini, awaletea wanakijiji matibabu ya kisasa. Hebu tuichambue kama tulivyofunzwa. Kiima ni daktari. Matibabu ni shamirisho kipozi. Wanakijiji, maskini, ni shamirisho kitondo. Wamebanwa ndani ya kitenzi kwa kile kiambishi -wa-, wakingoja kutendewa. Wanafunzi wangu hapa Machakos huandika hadithi fupi kwa mtindo huu huu, gari likitimua vumbi, akina mama wakipiga vigelegele. Kisarufi sina la kusahihisha. Ninachouliza ni kwa nini vitenzi vyote apewe mtu mmoja.

Chukua filamu ya Sons of Lwala, iliyoongozwa na Barry Simmons. Inahusu ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', wazawa wa Lwala, kaunti ya Migori. Milton alipopata nafasi katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, hakuwa na nauli. Wanakijiji wakauza kuku, wakauza ng'ombe, zikapatikana takribani dola 900. Fred naye akafuata, kisha wote wakasomea udaktari Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Wazazi wao walifariki kutokana na UKIMWI, na ndoto ya zahanati ilikuwa ya baba, mwalimu. Zahanati ilifunguliwa 2007.

Sasa piga hesabu. Mwaka huo wa 2007 ndugu hao walikuwa bado wanafunzi! Mlango ulifunguliwa kabla ya daktari yeyote "kurudi". Waliowapokea wagonjwa ni matabibu na wauguzi, watu ambao hadithi zetu huwapa kazi ya kushika taa.

Kamera inawapenda ndugu hawa, na siilaumu sana. Huzuni yao ni ya kweli na filamu haiibezi. Lakini inakaa nao mno, Marekani wakichangisha fedha, nyumbani wakijenga, hadi yule mama aliyeuza kuku anageuka kuwa mandhari. Ilhali yeye ndiye mtenda wa kwanza katika kisa hiki: aliuza, alichanga, alimtuma kijana. Ajabu ni kwamba anwani ya filamu inalijua jambo hili kuliko filamu yenyewe. Iseme kwa Kiswahili: Wana wa Lwala. Ile -a unganifu inaonyesha mwenye mali ni nani. Lwala ndiyo yenye wana, si wana wenye Lwala.

Neno kisasa nalo lina kiburi chake. Linadokeza kwamba kabla ya daktari palikuwa patupu. Huko Lwala wakunga wa jadi walikuja kufunzwa na kuingizwa katika kazi ya uhudumu wa afya ya jamii, maana wao ndio waliojua nyumba ipi ina mjamzito. (Tukumbuke pia kwamba mganga, neno ambalo kwetu Ukambani limebaki la mzaha na hirizi, nchini Tanzania bado ni cheo: Mganga Mkuu wa Serikali. Asili yake ni kuganga, basi.)

Na hapa Machakos? Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya mpango wa afya kwa wote, kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa nne zilizoteuliwa, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo. Kabla ya kadi kufika mikononi mwa watu, wahudumu wa afya ya jamii walipita boma hadi boma wakisajili familia. Wengi wao ni wanawake, na hawakuwa wametoka kokote. Walikuwa hapo hapo siku zote. Sijakutana bado na hadithi fupi inayomfanya mmoja wao kiima. Labda tatizo ni kwamba hana safari ya kurudi, na sisi tumezoea kuanzia stendi ya basi. Vitenzi vyake ni vya kawaida mno: alibisha hodi, akauliza nani anakohoa, akaandika, na wiki iliyofuata akapita tena.