Nani Aliwaruhusu Kufuta Mikato?

Mliofungua ukurasa wa ushairi wa lile jarida la mtandaoni la vijana wetu wa Kariakoo mmejionea. Tarbia nzima imemwagwa kama aya ya barua, na mikato inayotenga ukwapi na utao imefutwa yote. Dibaji inasema walitaka ukurasa uwe safi. Ni uamuzi mbovu, na sioni wa kuutetea.

Shairi la mwenyewe silinukuu. Chukueni mishororo hii miwili ninayoitunga hapa hapa:

Lango la soko li wazi, wachuuzi waingia,
Hamali hana ajizi, mzigo aupakia.

Nane kwa nane, kina cha kati -zi, cha mwisho -ia. Sasa futa mikato, kioo cha simu ndicho kiamue:

Lango la soko li wazi wachuuzi
waingia hamali hana ajizi
mzigo aupakia

Mizani imebaki na maneno ni yale yale, lakini shairi limekufa. "Wachuuzi" limekalia mahali pa kina na kujifanya linaitikia "ajizi", wakati mtunzi hakulipa kazi hiyo. "Waingia" limerushwa chini, likabandikwa kwa hamali. Msomaji anavuta pumzi pasipo pake, na anayejifunza kutunga anaondoka akiamini vina hutokea popote.

Watajitetea kwamba simu ni ndogo. Simu ndiyo kipimo chenyewe! Jarida la mtandaoni lipimwe kwenye simu ya bei nafuu iliyonunuliwa Mtaa wa Aggrey, mtu amesimama Msimbazi anangoja mwendokasi, si kwenye kompyuta pana ya mhariri. Dawa ni nyepesi: kata mstari penye mkato, utao uushushe chini na uusogeze ndani kidogo. Ukishalipanga hilo kwenye kiolezo cha ukurasa, kila shairi litalifuata. Wanakili wa tenzi kwa hati za Kiarabu walikuwa na wino na karatasi ya shida, na bado walitia alama kati ya kipande na kipande.

Nimesikia pia kwamba siku hizi ushairi ni huru. Wimbo huu tunaimbiwa tangu *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi ya 1974, na mimi sijawahi kuupenda. Lakini hata huko hawana pa kujificha. Kezilahabi aliacha vina na mizani, kwa hiyo pale anapokata mstari ndipo palipobeba kazi kubwa. Mimina *Kichomi* kama aya uone kinachobaki. Aliyefuta mikato amewakosea wanamapokeo na wanamabadiliko kwa mkupuo mmoja.

Kwingine humo jaridani, hadithi fupi zimehaririwa vizuri, na sauti za washairi wakighani wenyewe zinasikika bila mikwaruzo. Picha ya jalada bado inakula bando, kama nilivyolalamika toleo lililopita na lile la kabla yake.

Turudi kwenye ubeti. Gazeti la *Mambo Leo* lilianza 1923, mali ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, likichapwa kwa herufi za risasi. Shaaban Robert alipita humo, na ubeti ulitoka ukiwa ubeti. Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, na mhariri wa leo anayepokea tarbia bila kukisoma kitabu hicho anaamua asichokijua. Wazee wale walikuwa na zana duni kuliko hizi na adabu kubwa kwa kazi ya mtu.

Adabu hiyo ina utaratibu wake: ukurasa ukishapangwa, mtunzi atumiwe auone kabla haujapanda hewani. Hilo lilirukwa. Na kwa kuwa ni mtandao, hakuna cha kusubiri toleo lijalo. Mikato irudishwe leo, na chini ya shairi iandikwe kwamba kosa lilikuwa la mhariri, lisihesabiwe kwa mtunzi.