Sifa za Boti Katika Majarida

Msomaji ataniuliza mtu wa Kwa Sadala ana habari gani na boti, ilhali maji tuyajuayo sisi ni ya mifongo inayoshuka mlimani kuingia migombani. Swali ni la haki. Lakini jarida la boti ni maandishi kama mengine, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwafundisha wanachuo wa ualimu kusoma maandishi kwa jicho kali. Isitoshe, bwawa la Nyumba ya Mungu liko huko tambarare, chini yetu, na wavuvi wake hununua vyombo kwa jasho lao.

Majarida ya boti ya Uingereza na Marekani huandika sifa za mashine mpya, na kurasa chache mbele hukuta tangazo la kiwanda hicho hicho. Sisemi mwandishi amehongwa, la hasha. Tatizo ni kwamba mara nyingi chombo ameazimwa na mwenye kukiuza, akakiendesha siku moja au mbili kikiwa kipya, fundi wa kampuni akiwa karibu. Ni kama mkaguzi anayefika shuleni kwa taarifa: hukuta sakafu imedekiwa na watoto wote wana soksi. Anayoyaona ni kweli, lakini shule hajaiona.

Kwa hiyo mimi huamini vipimo: urefu, uzito, petroli iliyotumika kwa saa. Neno "imara" siliamini, maana uimara haupimwi kwa siku moja. Yapo majarida yaliyojitahidi. Consumer Reports la Marekani, lenye mizizi ya mwaka 1936, hununua lenyewe dukani vitu linavyovipima. Na Practical Sailor, la mabaharia, limejijengea jina kwa kukataa matangazo.

Hata hivyo, jarida aminifu nalo huwaandikia watu wake. Mashine inayochanganyiwa oili kwenye petroli hulaumiwa huko kwa moshi, kelele na ulaji wa mafuta, na lawama hizo ni za kweli. Lakini Yamaha Enduro, mashine ya jamii hiyo, inapendwa na wavuvi wengi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa fundi wa ufukweni anaifungua kwa spana chache na spea zinapatikana. Mhariri wa London hana sababu ya kulifikiria hilo.

Kwenye vitu vya kuokoa maisha ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Jaketi la kujiokolea hupimwa likiwa jipya. Letu litapigwa jua miaka mitano, litakaliwa, litafanywa mto. Tena, jarida hukwambia boti inabeba watu wangapi. Halikwambii nani atawazuia wengine wasipande. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu wapatao 100, kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, na waliokufa walizidi 220.

Basi, anayetaka kununua alisome jarida kwa ajili ya vipimo, kisha ateremke mwaloni. Huko nako asikilize kwa hadhari, kwani mtu husifu alichokwisha kukilipia. Amtafute yule aliyekuwa na mashine ya namna hiyo akaiuza, amuulize aliiuza kwa nini.