Bunge la Saa Nne Usiku

Januari 27, 2016, Nape Nnauye, waziri wa habari na mbunge wa Mtama, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, halitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani. Sababu aliyoitoa ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake tukapewa "Leo katika Bunge", kipindi cha kurekodiwa, saa nne hadi saa tano usiku. Yaliyofuata mliyaona: hoja ya mbunge Zitto Kabwe ya kutaka uamuzi huo ujadiliwe, kisha askari ndani ya ukumbi kuwatoa wabunge wa upinzani. Wengi wamelijadili suala hili kama ugomvi wa vyama. Mimi nalitazama kama suala la kazi yetu ya utangazaji, na kikazi uamuzi ule ulikuwa kosa tupu.

Mchukue mtafiti wa kipindi aliyeko Newala, anayetaka kujua mradi wa maji wa Makonde umekwamia wapi. Hotuba ya bajeti ya waziri ataipata bila shida, imechapwa na kufungwa vizuri. Lakini hotuba haimpi kipindi. Kipindi kinazaliwa kwenye Kamati ya Matumizi, pale mbunge anaposhika shilingi ya mshahara wa waziri na kukataa kuiachia. Waziri anapekua makabrasha, anasubiri kimemo cha wataalamu wake, anajibu nusu. Mtafiti anayetazama anaandika fungu, ahadi, na muda ule waziri aliokaa kimya kabla ya kujibu. Kesho asubuhi anakwenda kwenye foleni ya ndoo akiwa na swali lililonolewa.

Sasa mpe mhariri wa Dodoma saa moja tu kwa kikao cha kutwa nzima. Atabakiza makofi na sentensi iliyokamilika. Kusitasita kwa waziri ndiko kunakokatwa kwanza. Mtaniambia Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ipo. Hansard haiandiki kimya, na redio haiwezi kurusha karatasi. Na saa nne usiku, mkulima aliyeamka alfajiri kuokota korosho amelala zamani.

Chini ya utaratibu huohuo, Juni 2018, ukaja mjadala wa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Asilimia 65 iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao ilikuwa inaondolewa kisheria. Wabunge wa kusini walipambana, Nape akiwa mmoja wao, safari hii bila uwaziri. Fedha hizo zilikuwa za pembejeo za watu wa Masasi na Newala. Walistahili kuusikia mjadala wote, pamoja na jina la kila aliyekaa kimya.

Inaniuma zaidi kwa sababu kusini ndiko kwao mawaziri wa habari. George Mkuchika wa Newala alishika wizara hiyo, naye ndiye aliyelifungia gazeti la MwanaHalisi mwaka 2008, hilo sijalisahau. Kabla yake alikuwapo Benjamin Mkapa wa Lupaso, Masasi. Mkapa aliijua kazi kwa mikono yake: alihariri The Nationalist na Uhuru, kisha Daily News, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari la taifa, Shihata. Na aliyetaka kujua TBC inaweza nini angeutazama uchaguzi wa 2010, Tido Mhando alipokuwa bosi: kipindi cha "Mchakato Majimboni" kilipeleka kamera kwa wapiga kura.

Lakini leo kijana akitaka kuwa mtafiti wa televisheni anafundishwa kualika wageni watatu studio na kuokota mada mitandaoni. Ndiyo maana kila msimu wa korosho tunaonyeshwa picha ileile ya magunia ghalani, huku hakuna aliyesoma makato yaliyobandikwa ubaoni kwenye chama cha ushirika, AMCOS. Radio Fadhila ya Masasi na Newala FM ziko karibu na ghala hizo, na ukaribu huo ni mtaji.

Kama bilioni 4.2 zilikuwa nyingi, njia ilikuwapo: kupunguza kamera, kuacha sauti ghafi ya ukumbi iende bure kwa redio za wilaya, na kuhifadhi rekodi nzima mahali ambapo mtafiti yeyote anaweza kuiomba kwa tarehe na kwa fungu. Sauti pekee inatosha kumsikia waziri akisita.