Programu ya kuchapa nota za kanisa: tuchague kwa kumfikiria atakayesahihisha

Tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na Finale, programu ya kuchapa nota iliyoingia sokoni mwaka 1988. Tangazo hilo liliwagusa pia walimu wa kwaya wa Tanzania na Kenya, maana wapo waliojifunzia kuchapa nota humo, na tungo zao bado zimefungiwa kwenye mafaili ya Finale. Baadaye kampuni ilikubali wenye leseni waendelee kuitumia. Hata hivyo, programu isiyotengenezwa tena haina uhakika wa kufanya kazi kwenye kompyuta mpya.

Kwa sababu hiyo, kamati ya kanisa inayoandaa kitabu cha nyimbo chenye nota isianze kwa kuuliza ni programu ipi yenye mambo mengi. Iulize hivi: kosa la wimbo wa 147 likionekana miaka kumi baada ya kitabu kutoka, nani atalisahihisha, na kwa kompyuta gani? Kitabu cha nyimbo hutumika kizazi kizima, na waliokichapa huhama, hustaafu au hufariki kabla hakijachakaa.

Tuanze na kazi yenyewe. Nota za wimbo wa kanisa si ngumu kuchapa. Ni sauti nne kwenye stafu mbili, soprano na alto juu, tenor na besi chini, na programu yoyote nzuri inaimudu kazi hiyo. Ugumu uko katikati ya stafu hizo, pale beti nne au tano zinapopangwa chini ya nota zilezile, kila silabi chini ya nota yake.

Hapo Kiswahili kina sheria zake. “Mbinguni” hukatwa mbi-ngu-ni, silabi tatu. “Mtakatifu” hukatwa m-ta-ka-ti-fu, silabi tano, na ile m ya mwanzo inadai nota yake. Maneno yote mawili yanaanza kwa m inayofuatwa na konsonanti, lakini m ya kwanza haisimami peke yake. “Nchi” na “njia” yana silabi mbili kila moja, ila la kwanza hukatwa n-chi na la pili nji-a. Programu inayokata maneno yenyewe kwa kanuni za lugha nyingine inaweza kukuandikia mbin-gu-ni. Mwimbaji akifuata alichoandikiwa, atafunga sauti puani kwenye nota ndefu iliyopaswa kubaki na i iliyo wazi. Kwa hiyo silabi za Kiswahili zikatwe na mtu anayeimba Kiswahili, na programu ifaayo ni ile inayomrahisishia kazi hiyo.

MuseScore inamrahisishia. Ilianzishwa mwaka 2002 na Werner Schweer, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukiandika maneno, kitufe cha nafasi kinakupeleka kwenye nota inayofuata, kistari kinakupeleka huko huku kikikata neno, na mstari wa chini unaivuta silabi ya mwisho juu ya nota kadhaa. Mpiga kinanda aliyezoea kompyuta kidogo hujifunza hayo kwa muda mfupi. Toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, linahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi. Kwenye mashine kuukuu ya ofisi ya parokia, toleo la 3.6 bado linafaa, na mafaili yake hufunguka kwenye toleo la 4.

LilyPond nayo ni ya bure, lakini njia yake ni nyingine kabisa. Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen waliianzisha mwaka 1996. Humo huburuti nota kwa kipanya, unaandika maandishi matupu na programu inachora ukurasa. Neno letu litaandikwa M -- ta -- ka -- ti -- fu. Irabu mbili zinazoimbwa kwenye nota moja, kama katika “na amani”, huunganishwa kwa alama ya wimbi: na~a -- ma -- ni. Tena inakubali majina ya nota ya Kiitaliano. Mwalimu aliyezoea kusema “do ni G” anaweza kuandika wimbo mzima kwa do, re, mi, kisha akaiamuru programu iuhamishe kutoka do hadi sol. Akumbuke tu kwamba ti ya kwaya humo huandikwa si.

Faida kubwa ya LilyPond huonekana nyimbo zinapofika mamia. Mtindo wa kitabu kizima unaweza kukaa kwenye faili moja. Ukiamua maandishi yakuzwe kwa ajili ya wazee, unabadilisha mahali pamoja na nyimbo zote zinachorwa upya. Mistari yake pia ni minene kidogo, kwa kuwa watengenezaji waliiga vitabu vilivyochongwa kwa mkono, na kurasa zetu hupita kwenye mashine nyingi za fotokopi kabla ya kumfikia mwimbaji. Kasoro yake ni kwamba walimu wachache wa kwaya watakubali kuandika muziki kwa namna hiyo.

Sibelius na Dorico ni programu nzuri sana, lakini historia yao inatuonya. Sibelius, kazi ya mapacha wa Uingereza Ben na Jonathan Finn, ilinunuliwa na kampuni ya Avid mwaka 2006. Mwaka 2012 ofisi yake ya London ikafungwa, na wengi wa watengenezaji wake wakachukuliwa na kampuni ya Steinberg, ambako waliunda Dorico iliyotoka mwaka 2016. Anayemudu leseni azitumie, mradi ajue kwamba hatima ya faili lake inaamuliwa kwenye kikao asichoalikwa.

Kinga ya jambo hilo ipo, nayo ni MusicXML, muundo wa faili unaosomwa na programu karibu zote. Michael Good ndiye aliyeubuni, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2004. Mwenye Finale inayofanya kazi aitumie leo kuhamisha nyimbo zake, kwani inaweza kugeuza folda nzima kwa mkupuo. Nota, muda wake, maneno na namba za beti huvuka salama kwa kawaida. Mpangilio wa ukurasa ndio hupotea, kwa hiyo kila wimbo ulinganishwe na nakala ya zamani, hasa mapigo ya mwanzo yasiyotimia na marudio ya kiitikio.

Kwaya zinazosoma sol-fa ya herufi, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, zinahitaji kazi ya ziada. Programu hizi zilijengwa kwa ajili ya stafu. Njia nyepesi ni kuandika d, r, m kama ubeti wa ziada chini ya nota za kila sauti, ili atumiaye sol-fa na atumiaye stafu washike kitabu kimoja.

Hukumu yangu ni hii. Parokia au usharika unaochapa makumi ya nyimbo utumie MuseScore. Dayosisi au jimbo linaloandaa kitabu cha mamia ya nyimbo, likiwa na hata watu wawili wanaoweza kujifunza LilyPond, lichague LilyPond.

Kabla ya kuamua, chapeni wimbo mmoja mgumu, wenye beti tano na maneno kama “mtakatifu” na “nchi”, mkautoe fotokopi na kuwapa waimbaji wakongwe wausome. Kisha kila wimbo uliokamilika uhifadhiwe mara tatu: faili la programu, MusicXML (kama programu inaweza kuutoa) na PDF. Nakala zikae kwenye kompyuta ya kanisa na mahali pengine pia, zisiishie kwenye flashi ya mwalimu mmoja. Wenyeviti wa kwaya, ombeni mafaili hayo kabla ya kumlipa mchapaji.