Hongera, Stesheni ya Pugu

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na kufikia 1907 ilikwishafika Morogoro. Ilipanda vilima vya Pugu, na kwa miaka mingi treni za bara zikapita hapa zikielekea Kigoma na Mwanza.

Faida kubwa kwa wakazi wenyewe imekuja na treni ya mjini. Usafiri huo ulianza jijini Oktoba 2012, kwanza upande wa Ubungo, na watu wakauita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Baadaye Pugu nayo ikapata ya kwake. Alfajiri utawaona mafundi na mifuko ya zana, wanafunzi, akina mama na ndoo zao za biashara, wote wamebanana mlangoni. Wakati daladala zimenasa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, wao wanateremka mjini.

Wanaoiendesha huduma hii wanastahili pongezi za dhati. Tunachoomba ni kimoja: jioni mabehewa yaongezwe.